Define 7 XL: kasha la kompyuta nililolinunulia harusi za watu

Mimi hupiga na kuhariri video za harusi, upande wa wanawake tu. Aliyewahi kuhudhuria kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, hapa Mombasa anajua kwa nini nasema hivyo. Buibui zimetundikwa, nywele ziko wazi, kina mama wanacheza kwa raha zao, na picha zile hazina ruhusa ya kwenda popote. Siwezi kuzipandisha kwenye intaneti zikahifadhiwe na mtu nisiyemjua. Zinakaa kwangu Kibokoni, ndani ya diski kubwa za kompyuta (hard disk), na harusi moja ya siku tatu hunilia hata gigabaiti 400. Kwa hiyo nilipojenga kompyuta mpya, nilichagua kasha kwanza, prosesa ikafuata.

Nilichukua Define 7 XL ya Fractal Design, kampuni ya Uswidi. Lilitoka mwaka 2020 na linauzwa la kioo ubavuni au la chuma pande zote. Langu ni la chuma. Kioo ni cha mtu anayetaka taa zionekane. Mimi nataka kimya. Lina kimo cha sentimita 57, kutoka mbele hadi nyuma ni 60, na uzito unapita kilo 16 kabla hujatia kitu ndani. Lilifika Mwembe Tayari kwa basi la Nairobi, likaletwa kwa mkokoteni, na kijana aliyelisukuma akaniuliza, “Dada, hili friji liende chumba gani?”

Ndani ndiko kwenye mambo. Lilivyokuja, ni ukumbi mtupu: upande wa mbele hauna kitu, wa watu wanaoweka redieta ndefu za kupozea kompyuta kwa maji. Mwenye diski nyingi hufungua skrubu za ukuta ulio nyuma ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), akausogeza katikati, na pale mbele panabaki kabati refu la trei za kushikia diski kutoka chini hadi juu. Kazi hiyo ilinichukua saa nzima na bisibisi moja, na sikujikata kidole, kwa maana kingo zote zimekunjwa vizuri. Ukipanga hivyo, kasha lina nafasi za diski 18. Lakini ujue mapema: kwenye boksi utakuta trei 6 tu, pamoja na vishikio vya SSD, zile diski ndogo zisizozunguka. Nyingine zauzwa mbilimbili, na mimi sikuzipata mjini, nikaagiza.

Trei yenyewe nimeipenda mno. Ni bamba la chuma, na kila tundu la skrubu limevishwa mpira mnene, kwa hiyo diski haigusi chuma kamwe. Kwenye kasha langu la zamani, diski nne zikizunguka pamoja meza ilikuwa inanguruma usiku, mtoto anaamka. Sasa naweka mkono juu ya kasha nikisikilizia mtetemo, siuhisi. Mlango wa mbele na ubavu vimebandikwa zulia zito la kuzuia sauti, nalo lasaidia.

Juu unapewa vifuniko viwili: kimoja kimeziba kabisa, kingine kina matundu na chujio. Chumba changu hakina AC, nikaweka cha matundu. Sauti ya feni imeongezeka kidogo, lakini diski zilizokuwa zikifika nyuzi 50 nikitoa video ndefu sasa zinakaa kwenye 41. Feni 3 za milimita 140 zimo tayari, na nyuma kuna kibao kidogo cha kuunganishia feni hadi 9, hutafuti soketi kwenye madabodi.

Machujio nayaeleza kwa moyo wote. Liko la mbele nyuma ya mlango, la juu, na la chini linalovutwa kwa mbele bila kulisogeza kasha. Baada ya mwezi mmoja wa kaskazi nililivuta la chini: vumbi la kijivu limeshikana kwa unyevu wa bahari, unaliambua kama kipande cha kitambaa. Lote lile lingekuwa juu ya madabodi. Chumvi ya hewani haichujiki, hilo nakiri, kwa hiyo skrubu nazifuta na kuzikagua kutu kila baada ya miezi mitatu. Na nyuma hakuna pengo. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikosa kibati kimoja nyuma, mjusi kafiri akaingia, akafia kwenye pawa saplai, kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, na kuiunguza. Nilikaa siku mbili sijui kama harusi ya watu imepotea. Haikupotea, lakini sitaki tena kuzionja siku kama zile.

Kebo zinapita nyuma ya madabodi, kuna nafasi ya vidole viwili na kamba za kunata za kuzifungia. Mbavu zote mbili zinabanduka kwa mkono, hazina skrubu. Matundu ya USB ni 5, yako juu mbele, moja la USB-C. Kadi za kamera nazisoma hapo nikiwa nimekaa.

Kama dawati lako ni la kawaida, hili litakaa chini, na usiliweke juu ya zulia kwa sababu linavuta hewa kwa chini pia. Mimi nimelinyanyua juu ya ubao wa mkoko.

Sasa zimo diski 8, na ya nane imebakiza nafasi ya harusi mbili. Trei nyingine nimeshaagiza, zifike kabla Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haujaandama.