Kaulimbiu: isajiliwe maneno matupu au pamoja na nembo?

Ukisajili maneno matupu ya kaulimbiu yako kama alama ya biashara huko BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara), ulinzi unayafuata popote: kwa mwandiko wowote, rangi yoyote, hata yakichorwa ubavuni mwa daladala. Ndiyo njia yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayokwama zaidi. "Kahawa Safi, Bei Nafuu" itakataliwa, maana inasifu bidhaa tu na kila muuza kahawa anayahitaji maneno hayo.

Ukiyaweka ndani ya nembo, maombi hupita kwa urahisi kwa sababu mchoro ndio unaobeba upekee. Ila Msajili anaweza kukutaka ukiri kwamba hudai haki ya pekee juu ya maneno. Mshindani akiyachukua bila mchoro wako, utahangaika kumzuia. Ukibadilisha nembo sana, omba upya.

Mengine yanafanana: tafuta kwanza alama zinazogongana, chagua daraja sahihi, yaani kundi la bidhaa au huduma yako (kahawa ya pakiti ni 30, mgahawa ni 43), kisha subiri siku 60 za pingamizi baada ya tangazo. Usajili hudumu miaka 7, halafu huhuishwa kila miaka 10. Zanzibar ina usajili wake.

Kaulimbiu ikiwa ya kipekee kweli, anza na maneno.