Tathmini ya kozi ya tabianchi ya kale: barafu, milima na grafu zinazopotosha

Kwa miezi mitatu nimefuatilia kozi ya intaneti inayofundisha tabianchi ya kale ya Dunia pamoja na namna milima, bahari na mabara yanavyoamua hali ya hewa, na nimeimaliza nikiwa na shukrani nyingi na lalamiko moja zito.

Ubora wake mkubwa ni kwamba haimwambii mwanafunzi kilichotokea kabla ya kumwonyesha kilijulikanaje. Somo la barafu ndilo lililonishika zaidi. Linaanza kwa picha ya karibu ya kipande kilichochimbwa Dome C, Antaktika, ambako wachimbaji walishuka zaidi ya mita 3,200 na kufikia barafu yenye umri wa miaka 800,000 hivi. Ndani yake vinaonekana viputo vya hewa, na mwalimu anaeleza kwa utulivu kwamba hewa hiyo ni changa kuliko barafu inayoizunguka, kwa sababu theluji huendelea kupitisha hewa hadi makumi ya mita chini ya uso kabla ya kushindiliwa na kuziba matundu yake. Mahali panapoanguka theluji kidogo, tofauti hiyo ya umri hufika maelfu ya miaka, na asiyeijua hawezi kujibu sawasawa swali la kipi kilitangulia, joto au hewa ya ukaa. Baada ya hapo tu ndipo tunapoelezwa kwamba katika muda huo wote hewa ya ukaa haikuvuka sehemu 300 hivi kwa kila milioni, ilhali sasa imepita 420. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaelewa zilivyopatikana, tarakimu hizo zilinigusa kuliko nilipozisoma mahali pengine.

Somo la milima lina zoezi ambalo nimelirudia mara nyingi. Unachukua hewa yenye nyuzi 25 za Selsiasi usawa wa bahari na kuipandisha mlima wa mita 3,000. Kabla mawingu hayajatanda, hewa hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Ikifika mita 1,000 ina nyuzi 15. Hapo mvuke unaanza kugeuka matone na kutoa joto lake, hivyo kupoa kunapungua hadi takriban nyuzi 6 kwa kilomita, na kileleni hewa inabaki na nyuzi 3. Mvua ikishanyesha upande unaopigwa na upepo, hewa kavu inateremka upande wa pili ikipata nyuzi 10 kwa kila kilomita, na inafika chini ikiwa na nyuzi 33. Nilipokwisha kupiga hesabu hiyo kwa mkono wangu, nilielewa kwa nini nyika kame hukaa nyuma ya milima yenye misitu.

Sura ya Sahara inaunganisha pande zote mbili za kozi, nami ningependa ingekuja mapema zaidi. Takriban miaka 10,000 iliyopita Dunia ilikuwa karibu zaidi na Jua wakati wa kiangazi cha kaskazini, si Januari kama ilivyo leo. Bara lile pana likapata joto kali zaidi, likavuta pepo zenye unyevu kutoka baharini, na palipo mchanga leo pakawa na maziwa na nyasi. Ushahidi unaotolewa ni vumbi: katika mashapo, yaani tope lililotua sakafuni mwa bahari, magharibi ya Afrika, vumbi la jangwa lilipungua wakati huo, kisha likaongezeka tena. Kuhusu barafu kubwa ya Antaktika, iliyoanza kutanda miaka milioni 34 hivi iliyopita, kozi inapita haraka mno, bila kupima ni kipi kilichoisababisha zaidi: kufunguka kwa njia za bahari kati ya Antaktika na mabara jirani, au kupungua kwa hewa ya ukaa.

Lalamiko langu ni juu ya grafu. Katika somo la barafu, wakati wa sasa umewekwa kushoto. Katika somo la mashapo, umewekwa kulia, na mwalimu hagusii badiliko hilo. Nilijaza ukurasa mzima wa daftari nikiamini kwamba enzi za barafu huingia ghafla na kuondoka polepole, ilhali ukweli ni kinyume chake: barafu hujijenga kwa makumi ya maelfu ya miaka, kisha huyeyuka kwa muda mfupi zaidi. Nilipowaandikia waandaaji, walijibu kwamba mihimili yote ina maandishi. Ni kweli yapo, kwa herufi ndogo sana, lakini katika elimu ambayo swali lake kuu ni nini kilitangulia nini, mwelekeo wa muda haupaswi kuachiwa herufi ndogo.

Hata hivyo, ningemshauri mwalimu yeyote wa jiografia ajiunge. Aanze na zoezi la mlima, na kabla ya kusoma grafu yoyote aandike neno «sasa» kwa penseli upande unaostahili.