Mpira wa valvu wa kutoa upepo: kwa breki sawa, kwa klachi hapana

Kwa gari kuukuu za Unguja na Pemba, mpira huu wenye valvu ya upande mmoja unamwezesha fundi kutoa upepo kwenye breki bila ya msaidizi wa kukanyaga pedali. Unachomekwa kwenye niple (skrubu yenye tundu ya kutolea upepo kwenye gurudumu), ncha ya pili inazamishwa kwenye chupa yenye oili ya breki, niple inalegezwa robo mzunguko, pedali inakanyagwa taratibu. Anza gurudumu lililo mbali na masta, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Kopo la oili juu ya masta likikauka, kazi yote upya.

Hilux nyingi za zamani zina valvu ya kupima mzigo (hupunguza nguvu ya breki za nyuma gari ikiwa tupu) kwenye chasisi, juu ya ekseli ya nyuma, imeungwa kwa fito. Mara nyingi ina niple yake. Hiyo imalizie mwisho, na ndiyo inayosahauliwa. Usiinyanyue chasisi magurudumu yakaning'inia: valvu hubana, oili haipiti vizuri. Niple iliyoliwa na chumvi ya bahari inataka WD-40 usiku kucha na spana ya ringi. Ya mdomo itaila pembe.

Kasoro ya mpira huu: upepo hupenya kwenye nyuzi za niple, kwa hiyo viputo vidogo havikomi hata mfumo ukiwa safi. Pima kwa ugumu wa pedali. Klachi ni bora sirinji, oili isukumwe kutoka chini, maana upepo hupanda wenyewe.