Vifuniko vya nta vya thurea: chungulia tundu kwanza

Tangu Ramadhani ipite, wasomaji wa Dar, Tanga na Mombasa wananitumia picha za thurea, zile taa za dari zenye mikono, zenye mishumaa ya bandia iliyopinda. Mishumaa hiyo ni vifuniko vya nta vinavyovishwa holda, yaani kishikio cha balbu, ili ionekane kama mshumaa. Wote wana kilio kimoja: muuzaji aliapa kwamba ni nta asilia, wakavalisha holda, kikaja kipindi cha joto na vifuniko vikalala upande.

Rangi na urefu siviongelei. Macho unayo, rula unayo. Wasichokiangalia watu ni ndani ya tundu. Shika kifuniko, kielekeze kwenye mwanga, uchungulie. Je, nta imepakwa juu ya bomba la karatasi ngumu, au ni nta tupu mpaka ndani? Kama ni nta tupu, usikinunue hata ukipunguziwa bei. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za selsiasi, lakini haisubiri joto hilo ndipo ilegee. Ukiifinyanga kidogo mkononi inaanza kulainika. Sasa iweke chini ya paa la bati mwezi wa Februari, balbu inawaka juu yake tangu magharibi. Itasimamaje? Kazi ya kusimama ni ya bomba, nta ni ngozi tu. Na bomba hilo hilo ndilo linalozuia nta isichuruzike kwenye holda na nyaya.

Namba moja kwangu ni nta ya nyuki ya Tabora iliyopakwa juu ya bomba, na naipendelea waziwazi. Ina unjano wake wenyewe na harufu ya asali. Ikikaa hutoa ukungu mweupe ambao wengi hudhani ni fangasi. Huo ni utando wa nta ya kweli. Futa kwa kitambaa laini, unaondoka.

Ukikosa vilivyo tayari, tengeneza. Kata bomba la karatasi ngumu linaloingia kwenye holda bila kulazimisha. Urefu wa sentimita 10 unafaa thurea nyingi, ila pima yako. Yeyusha nta kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta hushika moto. Paka kwa brashi tabaka jembamba, acha likauke, rudia. Matone ya pembeni yadondoshe kwa kijiko mwishoni. Ndani ya bomba usipake chochote, na siku ya kuvalisha zima umeme kwenye swichi kuu.

Namba mbili ni vile vya kuagiza nje, vya nta iliyochanganywa na resini. Ni vigumu na vinasimama vizuri. Ila vingi vinavyouzwa Marekani vimepimwa kwa holda ya E12 (ya balbu yenye skrubu ya milimita 12), wakati thurea za huku mara nyingi ni E14 (milimita 14), basi vinakwama njiani. Uliza kipenyo cha ndani kwa milimita kabla ya kulipa.

Vya plastiki? Vinasimama, ni rahisi, na havina uzuri wowote.

Balbu nanunua Philips, LED ya umbo la mshumaa, E14, wati 4 au 5, mwanga wa njano. Sina mpango wa kubadilisha. Balbu ya zamani ya wati 40 hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, kwa hiyo usiiweke karibu na nta.

Kinachoniudhi zaidi ni namna ya kuuza. Vifuniko vinafungwa sita sita, thurea ina mikono mitano au minane, na muuzaji hakubali kukata pakiti. Mwenye mikono minane ananunua kumi na viwili. Halafu nta ya parafini, ile ya mishumaa ya kawaida, iliyotiwa rangi ya njano inaitwa nta ya nyuki, na bei yake inapita bei ya balbu inayovishwa. Nta halisi inatoka Tabora, hapa hapa kwetu, na bado mnunuzi anauziwa kana kwamba imevuka bahari.