Shingo mpya kwenye Stratocaster ya zamani: uzoefu wangu, Tabora

Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyobaki nimeinyima kwa sababu ya matundu ya skrubu. Bidhaa yenyewe ni shingo ya gitaa ya kubadilisha, ya mti wa mepo (maple), ubao wa vidole ni rozwudi, freti 21 (vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao), na ina leseni ya umbo la Fender, kampuni inayotengeneza Stratocaster. Nimeifunga kwenye gitaa la umeme, Stratocaster ya miaka ya 1960, ambayo shingo yake ya asili imejisokota: upande wa uzi wa chini umenyanyuka, wa juu umelala, na chuma cha ndani hakiwezi kunyoosha msokoto wa namna hiyo. Mwili, pikapu (sumaku za kunasa sauti) na daraja (pale nyuzi zinaposhikwa mwilini) viko kama vilivyotoka kiwandani.

Tabora ni mji wa magitaa. Bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilipiga hapa, na magitaa ya umri huo bado yanafunuliwa kwenye makabati ya watu. Mengi mwili ni mzima, shingo ndiyo iliyokufa. Kwa hiyo nasema mapema jambo ninalolisimamia: shingo mpya ndiyo inayochongwa imfuate mzee, mwili wa zamani hauguswi hata kwa msasa. Tundu jipya au rangi iliyobanduka kwenye mwili wa miaka 60 hairudi. Shingo mpya ukiiharibu, unanunua nyingine.

Kabla ya kulipa, pima. Kuanzia mfupa wa kichwani (pale nyuzi zinapopita kwenda kwenye funguo) hadi katikati ya freti ya 12 iwe milimita 324, maana urefu mzima wa uzi kwenye Stratocaster ni milimita 648. Shingo ya mtindo wa Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, ni fupi, milimita 628 hivi, na ukiifunga hapa gitaa halitashika sauti hata ulitune siku nzima. Shingo yangu ilipima 324 kamili, na hapo muuzaji hana deni kwangu. Kitako chake, ile sehemu inayoingia mwilini, ni cha mviringo. Cha Telecaster, gitaa jingine la Fender, kimekatwa mraba, hakikai vizuri kwenye kiota cha mviringo (kiota ni shimo la mwilini linalopokea kitako). Matundu ya funguo pia yana tofauti: funguo za zamani zinataka tundu la karibu milimita 8.7, shingo nyingi za sasa zinakuja na milimita 10. Yangu ina 10, hivyo funguo za asili zinahitaji vikombe vya kupunguza tundu, ambavyo huuzwa kwa seti ya sita. Usijaribu kujazia kwa karatasi au bati la kopo, ufunguo utacheza na gitaa halitatulia.

Kama gitaa lako ni la kati ya 1971 na 1981, ligeuze kwanza uangalie mgongoni. Stratocaster nyingi za kipindi hicho zimefungwa kwa vyuma vitatu, siyo vinne, na shingo ya skrubu nne haitaingiliana nazo.

Kiota cha gitaa hili kina upana wa milimita 56.0. Kitako cha shingo mpya kilikuwa 56.4. Tofauti ni ndogo mno kwa jicho, lakini inatosha kupasua gitaa. Ukuta wa kiota upande wa nyuzi nyembamba ni kipande chembamba cha mti, na laka ya zamani imekauka kama ganda la yai. Ukiisukuma shingo kwa nguvu, au ukaigonga kwa kiganja kama wengi wanavyofanya, ufa unaanzia kwenye kona na kukimbia chini ya rangi. Magitaa mengi ya zamani yana ufa huo huo mahali hapo hapo, na sababu ndiyo hii.

Kilichoongeza upana siyo mti, ni ile vanishi nene ya plastiki waliyoipaka mpaka ubavuni mwa kitako. Niliikata kwa wembe mpana ulioshikwa wima, nikikwangua kwa kuvuta, mara tano au sita kila upande, kisha napima kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana). Kabla ya kukwangua, chora mstari kwa kisu chenye ncha pale kitako kinapoishia na shingo inapoanza kuonekana, ili vanishi isibanduke kuelekea juu. Acha kitako kikiwa 55.8. Shingo iingie kwa kusukumwa na vidole viwili tu. Ikiwa imeingia na unaweza kulinyanyua gitaa kwa shingo bila skrubu kwa sekunde moja halafu linaanza kuteleza, hapo pametosha. Usiendelee kukwangua.

Sasa hayo matundu. Shingo ilikuja imeshatobolewa manne, na mawili yalikuwa nje ya mstari kwa milimita moja na nusu yakilinganishwa na matundu ya mwili. Tangazo halikusema kama imetobolewa au la. Naona ni kosa kubwa kwa bidhaa inayouzwa kwa ajili ya magitaa ya zamani, kwa sababu matundu ya miili ile hayafanani gitaa kwa gitaa. Kama unaweza kuchagua, nunua isiyotobolewa.

Mtu asiyejua hupanua matundu ya mwili ili yafuate ya shingo. Usifanye hivyo. Ziba ya shingo. Niliyapanua manne yote hadi milimita 6, nikachonga vijiti vya kuziba kutoka kipande cha mepo, huku nikiangalia jinsi nyuzinyuzi za mti zinavyolala: zilale sambamba na urefu wa shingo. Kijiti cha duara cha dukani nyuzinyuzi zake zimesimama, skrubu ikiingia humo inashika kama kwenye kifurushi cha njiti na huachia baada ya kukazwa mara chache. Msonobari ni laini mno kwa kazi hii. Mpingo ni mgumu, lakini una mafuta na gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri. Paka gundi, ingiza, acha usiku mzima, kisha sawazisha kwa patasi kali.

Kutoboa upya ndiyo hatua ya kuchukua muda. Funga uzi wa kwanza na wa sita peke yake, zikaze kidogo tu zinyooke, huku shingo imeshikwa na klempu (kibanio). Chini ya klempu weka kitambaa cha pamba, kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne kinatosha. Mpira wa tyubu ya baiskeli usiutumie: mpira ukikaa juu ya laka ya zamani huilainisha na kuacha alama isiyofutika. Maskingi tepu nayo usiibandike mwilini, itaondoka na laka.

Angalia umbali kutoka kila uzi hadi ukingo wa ubao, kwenye freti ya 12 na tena kwenye ya mwisho. Pande mbili zilingane, na ubakiwe na kama milimita 3 kila upande. Daraja la zamani lina upana wa milimita 56 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, pana kuliko mengi ya kisasa, kwa hiyo shingo ikiegemea nusu milimita tu, uzi wa kwanza unaanguka nje ya ubao ukipiga solo. Na mpiga solo wa dansi anakaa huku juu, freti ya 10 hadi ya 17, muda mwingi wa wimbo. Hapo ndipo kosa litakapoonekana.

Ikikaa sawa, chukua biti inayojaa tundu la mwili bila kulikwangua, ipitishe kwa mkono kutoka mgongoni, na uizungushe mpaka iache alama ndogo kwenye kitako. Alama tu. Toa shingo, weka mezani, toboa kwa biti ya milimita 3.2, imesimama wima. Kina: skrubu za asili zina urefu wa milimita 45, zikipita kwenye bamba la chuma na milimita 28 hivi za mwili, zinabaki milimita 15 za kuingia kwenye shingo. Funga tepu kwenye biti kwa alama ya 17. Kitako kizima na ubao wake ni milimita 25, hivyo ukizembea na kina utatokea kwenye freti.

Skrubu nyeusi za kufungia jipsamu zinapatikana kila duka la vifaa na kipimo kinaonekana sawa. Ziache. Ni ngumu lakini zinakatika kama chaki ndani ya mepo, na kuitoa skrubu iliyokatikia kwenye kitako ni kazi ya kutoboa upya. Tumia za asili. Kabla ya kuziingiza zipitishe kwenye nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosekani. Sabuni, ambayo wengi huipendekeza, hunyonya unyevu na kutia kutu.

Jambo moja hufichika: skrubu lazima ipite kwenye mwili ikiwa huru, ishike kwenye shingo peke yake. Ikishika pande zote mbili, unaikaza mpaka mkono unauma na bado kuna mwanya kati ya kitako na kiota. Jaribu kwa karatasi ya daftari baada ya kukaza: isipite popote. Ikipita, legeza zote, bana shingo kwa mkono, kaza tena. Kaza kwa bisibisi ya mkono, kwa mshazari, kidogo kidogo. Drili ya betri isikaribie hapa.

Kuhusu kabari. Nilipofunga nyuzi, vibebeo vya daraja (vipande vinavyobeba nyuzi) vilikuwa vimeshuka hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu. Maana yake shingo inahitaji kuinama nyuma kidogo. Kawaida mafundi hukunja kipande cha karatasi au kadi na kukiweka sakafuni mwa kiota, upande wa daraja. Kinafanya kazi, lakini kinaacha uwazi katikati, na kwa miezi kitako hukunjamana kuingia uwazi ule, freti za mwisho zikanyanyuka kama nundu. Chonga kabari inayojaa kiota chote. Mninga unafaa sana: unachongeka, na ukikauka hautanuki wala kujikunja hovyo. Urefu wa milimita 76, upande wa daraja milimita 0.5, upande mwingine unakwisha kabisa. Hiyo nusu milimita inapandisha vibebeo kama milimita moja na nusu. Usiigundishe.

Nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) zikitunwa kawaida zinavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 46. Ziache usiku mmoja, kisha legeza kila skrubu robo mzunguko nyuzi zikiwa zimekaza. Utasikia mlio mdogo, kitako kinakaa mahali pake. Kaza tena.

Chuma cha ndani cha shingo hii kinarekebishwa kichwani. Kwenye shingo ya asili ni kwenye kitako, inabidi uing'oe kila ukitaka kugusa, kwa hiyo hapa mpya imemzidi mzee. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, pima nafasi juu ya freti ya 8 kwa fila geji ya mafundi wa magari (vibamba vya kupimia mwanya): milimita 0.25 inatosha. Kwa ubao wenye mviringo mkali wa zamani, wa nusu kipenyo cha inchi 7.25, acha 0.30. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 17 niliuweka milimita 2.0 kwa uzi wa sita na 1.6 kwa wa kwanza.

Mfupa wa kichwani ulikuja juu mno. Bana uzi kwenye freti ya 3 na utazame freti ya kwanza: nafasi iwe ya karatasi moja. Yangu ilikuwa ya kadi nzima, na ndiyo sababu kodi ya F (nyuzi zinazobanwa na kupigwa pamoja) ilikuwa ikisikika imepanda kupita sauti yake. Chimba kwa tupa nyembamba, pole pole, maana ukipitiliza unanunua mfupa mwingine.

Ukiipokea shingo wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, iache chumbani siku kumi kabla ya kupima chochote. Mti unasinyaa hapa kwetu, na ncha za freti hutokeza ubavuni zikakwaruza kiganja. Zangu zilitokeza kumi na moja. Zisawazishe kwa tupa laini ukiwa umeilaza kwa pembe, halafu msasa namba 600.

Sauti: imejibu vizuri kila freti, hakuna noti iliyokufa, na solo ya juu inakata bila kupiga kelele.

Shingo ya zamani usiitupe na usiikate vipande. Kwenye kitako cha shingo nyingi za miaka ile kuna mhuri wa tarehe, na mnunuzi anayejua atauliza uko wapi. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba, ining'inize mahali pakavu, na zitie kwenye mfuko mmoja skrubu zozote za asili ulizozibadilisha, pamoja na karatasi iliyoandikwa gitaa zilikotoka.