Kijiti kipi cha TV kwenye gari-nyumba? Uliza umeme kwanza

Tulikuwa Arkansas, kambi ya msituni isiyo na nguzo ya umeme, saa 3 asubuhi. Dar ni saa 11 jioni, Simba na Yanga wanaingia uwanjani. Shemeji yenu kashaandaa chai na maandazi, mimi nimechomeka kijiti kipya, kile kidude cha kustrimu, nyuma ya TV. Dakika ya sita skrini ikawa nyeusi, ikaja nembo ya kampuni, tukaanza upya. Dakika ya kumi na kitu, nembo tena. Goli tulilipata kwa simu ya mdogo wangu wa Temeke, kelele zake mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

Wiki nzima nikailaumu hotspoti ya simu. Kumbe maskini haina kosa. Kijiti kilikuwa na njaa.

Iko hivi. Tundu la USB la TV nyingi ndogo hutoa nusu ampea tu. Kijiti kinachotaka ampea 1 kitawaka, kitakuonyesha menyu vizuri, nawe utaridhika. Ukianza kustrimu kinataka umeme zaidi, hakiupati, kinazima. Nyumbani huwezi kuliona hili kwa sababu adapta yake iko ukutani. Porini, bila jenereta, soketi za ukutani zimekufa mpaka uwashe inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, na inveta inakula betri hata kama haijawasha kitu.

Kwa hiyo mambo ya 4K, ile picha kali kuliko HD, na rimoti ya kuongea nayo mniwie radhi. Kwenye TV ya inchi 24 hiyo 4K utaionea wapi? Isitoshe Netflix wenyewe wanasema 4K hula mpaka GB 7 kwa saa, HD GB 3. Bando la nani hilo?

Namba moja kwangu ni Roku Streaming Stick Plus ya 2025, dola 40 kasoro senti moja. Mimi ni mtu wa Roku, sifichi. Hii wameiunda kabisa inywe umeme wa USB ya TV, na umeme ukipungua inakutolea onyo kwenye skrini badala ya kukufia kimyakimya. Halafu zile kambi ambazo Wi-Fi yake inakutaka ujaze jina na namba ya kiwanja kwanza, Roku inakuruhusu umalizie hayo kwenye simu. Ile yangu iko garini mpaka leo na haijawahi kunizimikia mechi.

Ya pili Fire TV Stick 4K. Inafanya kazi, na ukurasa wa Wi-Fi ya kambi unafunguka hapohapo kwenye TV, ila usiitegemeze kwenye tundu la TV. Itafutie chaja ya gari, ile ya tundu la sigara, ya ampea 2, na waya mrefu. Matangazo ya ukurasa wake wa mwanzo ni kama kituo cha daladala. Google TV Streamer ya dola 100 naiweka ya tatu: inatumia USB-C, chaja ya gari inaitosha.

Apple TV 4K ni ya mwisho, na si kwa ubaya wa picha. Adapta yake iko tumboni, inataka umeme wa ukutani tu. Dola 129, halafu kila ukitaka kutazama habari za Citizen YouTube uwashe inveta!

Viboksi vya bei chee visivyo na jina, hapana.

Mnaouliza Starlink, ile intaneti ya setilaiti: chukueni sahani yao ndogo, Mini. Inakula wati 25 hadi 40 na inapokea umeme wa betri moja kwa moja, volti 12 hadi 48, wakati sahani ya kawaida inafika 75 hadi 100. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuimaliza chini ya nusu, yaani una kama wati-saa 600. Mini na TV ndogo zikila 60 kwa pamoja, ni saa kumi. Ila inataka kuona anga. Chini ya misonobari ya Arkansas ingekuwa sinia tu.

Sasa wauzaji. Kile kijiti cha njaa nilikinunua kwenye duka la vifaa vya magari-nyumba (Wamarekani huyaita RV), na nilimuuliza yule kaka waziwazi: kitafanya kazi bila umeme wa ukutani? Akasema bila wasiwasi. Nilivyorudi na malalamiko akanitolea chaja ya gari, dola 34. Ileile, boksi rangi ileile, nilikuwa nimeiona duka la kawaida kwa dola 11. Nikamwambia. Akasema hii ni maalumu kwa RV. Maalumu kwa lipi? Akaligeuza boksi, akalitazama mbele na nyuma, akaniwekea kidole kwenye stika: "Si hapa pameandikwa RV?"