TAHADHARI: Redio kol za "kilomita 50" zinazouzwa mtandaoni Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, habari za saa hizi. Msimu wa korosho ndio huu, malipo ya minada yameanza kuingia, na matapeli wanaijua kalenda yetu kuliko sisi wenyewe. Mimi nimeshaliwa 180,000, na nusura niliwe 60,000 nyingine juu yake. Naandika kabla hawajafika kwako.

Kila Desemba familia yetu inatoka Mikindani na magari mawili kwenda Tandahimba kumtoa mwali. Kila Desemba gari la mbele linatangulia, la nyuma linapata pancha, na hakuna anayejua. Dereva simu haina chaji, au yuko mahali mnara haushiki. Mwaka jana mama mkwe alikaa saa mbili chini ya mkorosho kando ya barabara, na mpaka leo kila harusi lazima aisimulie. Shemeji yangu ndiye aliyesema, mbona walinzi wa maghala wana zile redio kol, na sisi tununue zetu nne, mbili mbili kwa kila gari. Wazo zuri kabisa, na mpaka leo naliona zuri. Nilikosea kwenye kununua.

Tangazo nililiona usiku. Picha ya duka lina rafu za vioo na feni ya ukutani, redio nyeusi zimepangwa mstari. "Redio kol original, kilomita 50, betri siku 7, haziingii maji, hazihitaji laini wala vocha." Moja 45,000. Nikamwandikia. Akajibu upesi, maneno matamu, dada yangu huku dada yangu kule, hizi ndizo wanazotumia wanajeshi. Duka liko wapi kaka? Liko Mtwara mjini, karibu na soko la Chikongola, "ila leo nipo Dar nimefuata mzigo, nakutumia kwa basi". Nikisema nitalipa mzigo ukifika, anasema wateja wengi wamemsumbua hivyo, na zimebaki seti mbili tu. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu mwingine kabisa, akasema ni la mkewe. Nikajiambia sawa, hata mimi laini yangu ya kwanza ilikuwa kwa jina la kaka.

Mzigo ulifika, na ujanja wake ndio huo. Angenila bila kutuma kitu, ningekuwa na kesi nyepesi. Huyu anatuma boksi zuri, limefungwa na nailoni, ndani kuna redio nne zinazowaka taa na kupiga mlio. Ukienda kulalamika anasema mzigo umepokea, na hujui kutumia.

Tulizijaribu uani, zikasikika safi. Shemeji akatoka na moja kuelekea baharini. Alipofika nyumba ya nne sauti ikaanza kukwaruza, alipopita msikiti ikabaki mvumo tu. Hazijafika hata mita 150. Tukazipeleka kwa fundi wa redio. Alipoishika tu akacheka, maana ilikuwa nyepesi kama sabuni iliyokwisha. Akabandua stika iliyoandikwa 5W, chini yake kuna picha ya katuni. Redio za kuchezea watoto, zile zinazofanya kazi kwenye megahezi 27 au 49 kwa nguvu ndogo sana. Ile antena nene ya nje ni gamba la plastiki, ndani yake waya mwembamba umeishia katikati.

Nikampigia. Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo utaona mtu yuko kazini. Akasema: "Dada, hizo hazijafunguliwa masafa. Ukilipia kibali cha TCRA, 15,000 kwa kila redio, zinafunguka kilomita zote. Nitumie mimi nikulipie ofisini." Elfu sitini. Shemeji alikuwa tayari kutuma! Sasa sikilizeni vizuri. TCRA ni mamlaka ya serikali ya mawasiliano, na malipo ya serikali hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Unapewa kontro namba, unalipia kwa hiyo, na jina la taasisi linatokea mbele yako kabla hujabonyeza. Na hakuna kibali duniani kinachobadili redio ya kuchezea ikawa ya kilomita 50. Nilipomwambia anipe kontro namba, akanifungia.

Niwaeleze hizo kilomita, maana ndicho chambo chenyewe. Simu yako inaongea na Dar kwa sababu minara inaibeba sauti. Redio kol haina wa kuibeba. Sauti inatoka kwenye antena yako moja kwa moja hadi antena ya mwenzako, na kwa masafa haya inataka njia iliyo wazi. Dunia nayo ni duara. Watu wawili wamesimama kwenye mashua mbili bahari shwari, redio mdomoni, baada ya kilomita kama 10 mgongo wa dunia unawatenganisha, hata redio iwe na nguvu gani. Ukitaka 50 kwenye usawa huo, kila mmoja wenu awe juu kama mita 37, yaani juu ya mnazi mrefu na bado unyooshe mkono. Nchi kavu ni pungufu zaidi. Mjini penye kuta, redio nzuri ya wati 4 au 5 shukuru ikikupa kilomita moja au mbili. Kwenye mikorosho iliyoshonana, vilevile. Ila simama Newala pale Shimo la Mungu, mwenzako awe chini bondeni upande wa Ruvuma, hapo zitakwenda mbali kwa sababu mnaonana. Kwa hiyo "kilomita 50" si lazima iwe uongo mtupu, ni kipimo cha kilele cha mlima, anachouziwa mtu wa bondeni. Kwa magari mawili yanayofuatana, mimi kilomita mbili zinanitosha kabisa. Ningeambiwa ukweli ningenunua vilevile.

Zipo redio za bei ndogo ambazo ni redio kweli. Ile inayoonekana sana kwa walinzi ni Baofeng BF-888S: haina kioo, ina kitufe cha kuzungusha chenye chaneli 16, tochi, na kitako chake cha kuchajia. Inafanya kazi kati ya megahezi 400 na 470. Ndugu yake UV-5R ina kioo na vitufe vya namba, na inashika pia megahezi 136 hadi 174. Zinaongea pamoja zikipangwa masafa yale yale tu, kwa hiyo usinunue moja ya hii na moja ya ile ukategemea zitaelewana zenyewe. BF-888S hupangwa kwa kompyuta na waya wake, kwa hiyo muuzaji wa kweli anajua kuipanga. Muulize hilo swali, utamjua. Na hizi nazo zina bandia zake, usinunue jina lililo kwenye boksi.

Wengine wanaletewa na ndugu kutoka nje. Zile za Marekani zimepangiwa megahezi 462 na 467, za Ulaya 446 kwa nusu wati. Ni redio nzuri, ila ruhusa yake ni ya kule. Hapa kwetu masafa yako chini ya TCRA kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kurusha sauti kwenye masafa usiyopewa ni kosa. UV-5R inaweza kuingia hadi kwenye masafa ya meli na ya watu wengine wenye leseni, na mtoto akibonyeza hovyo mwenye kuulizwa ni wewe. Waulizeni TCRA wenyewe kabla ya kununua, kuuliza ni bure. Muuzaji akikwambia "kibali tayari kimo ndani ya redio", geuka uondoke.

Kwa wa baharini, Msimbati, Kilwa, Songo Songo, hapa nawaomba sana. Huyu bwana anawauzia pia wavuvi, na "haziingii maji" ndilo neno lake. Chombo cha baharini kina redio yake, VHF ya bahari, na wito wa hatari unakwenda chaneli 16, megahezi 156.8. Redio ya megahezi 400 haiwezi kufika pale hata uipigie kelele. Kuhusu maji, tafuta alama: IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30, IPX4 ni maji ya kurushiwa tu. Isiyo na alama yoyote, ichukulie kama simu yako.

Mkitaka kununua, nunueni mkono kwa mkono, muwe wawili. Mmoja abaki dukani, mwingine apande bajaji huku mnaongea, mwone inakatikia wapi. Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10 tu, na muuzaji wa "50" akikubali jaribio hilo nipigieni picha. Ikamate, betri ya kweli ina uzito. Kucha ipitishe pembeni mwa stika. Wa mbali asiyetaka ulipe mzigo ukiwa stendi mbele ya macho yako, na jina la kupokea pesa halifanani na la duka, mwache na seti zake mbili zilizobaki.

Kwa aliyekwisha kuliwa: usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala. Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako saa ile ile, kama pesa haijatolewa bado wanaweza kuizuia. Mimi nilikaa siku tatu nikibishana naye, nikachelewa. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ile ile tunayotumia kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, ukiwa na boksi na stika yake. Nimefanya hivyo, redio mbili nimeacha kituoni kama ushahidi. Mbili zilizobaki watoto wanazo, wanaombana chumvi kati ya jikoni na ukumbini, na hapo zinafika.

Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu halidumu. Jana shoga yangu wa Lindi kanitumia tangazo: jina jipya, rafu zile zile, feni ile ile ukutani. Sasa hivi zimefika kilomita 80.